Ndoo Iliyokaa kwenye Keria Yangu

Juzi, ofisini kwetu Raskazone, mama anayetupikia chai alibadilisha jiko. Alisema mkaa umemtia masizi ya kumtosha, sasa naye anataka kupika kistaarabu, akaja na jiko dogo la bati linalotumia spiriti ya mimea. Alipoimimina kwenye kikopo chake, kabla hajawasha kiberiti, harufu ilizunguka ukuta ikaingia dirishani kwangu. Ilikuwa harufu ya utamu uliochoka, kama ndizi mbivu zilizosahauliwa kabatini, na nyuma yake kitu kikali kilichopanda hadi kwenye paji la uso. Wenzangu walisema leo chai itanukia hospitali. Mimi nilishikwa na wivu.

Wivu, ndiyo. Msinicheke kwanza. Wengine harufu huwakumbusha mapenzi ya ujana au mapishi ya bibi zao; mimi spiriti hunikumbusha mtu aliyeninyang'anya baba. Nasema mtu, lakini ilikuwa ndoo.

Ndoo yenyewe haikuwa na sura ya kumtisha yeyote. Ilikuwa ya plastiki, ya bluu iliyopauka, mfuniko wake umetobolewa tundu katikati ili ipumue. Neno hilo si langu, ni la Baba. Ndani yake kulikuwa na uji mwepesi wa rangi ya chai ya maziwa, wenye povu juu, na povu lile lilikuwa likisema tss, tss, kama mtu anayesengenya chini kwa chini. Niliamini ananisengenya mimi.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Mabawa. Baba alikuwa Msambaa wa milima ya Lushoto, Mlutheri wa kuimba kwaya, aliyeshuka pwani akiwa kijana kutafuta kazi kwenye mkonge. Shamba lilikuwa nje kidogo ya mji na alikwenda kwa baiskeli. Alianza na kukata majani, baadaye wakamweka kwenye korona, ile mashine inayokwangua jani la mkonge mpaka zibaki nyuzi nyeupe. Kaka zangu wote wawili walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo Baba alikuwa wangu peke yangu. Mama simhesabu, yeye alimpata kabla sijafika.

Akirudi jioni, Baba alikaa uani kwenye kigoda, nami nikamchambua nyuzi za mkonge zilizonasa kwenye mikono ya shati, moja moja, huku akinisimulia ya kazini kama ninavyowasimulia ninyi sasa. Jumamosi alinipakia kwenye keria ya baiskeli, juu ya kimto alichonishonea Mama, tukaenda Raskazone kuogelea. Jumapili nilipakiwa tena kwenda kanisani, nikashuka mbele ya wenzangu waliokuja kwa miguu nikijiona bibi harusi. Keria ile ilikuwa kiti changu, na hakuna aliyenionya kwamba kiti huweza kuchukuliwa.

Mambo yaliharibika nilipokuwa darasa la tatu. Wakubwa wa shamba walichoka kutupa. Mkonge, kama hamjui, hutupwa karibu wote. Nyuzi ni sehemu ndogo tu, na mmea ukizeeka linabaki shina, mfano wa nanasi kubwa la kukumbatia kwa mikono miwili, ambalo lilikuwa likichomwa moto au kuachwa lioze. Kumbe shina lile, ukilichukua kabla mmea haujatoa mlingoti wake wa maua, limejaa sukari. Basi wakajenga kibanda, wakaweka mapipa. Mashina yapasuliwe, yapikwe kwa mvuke, yakamuliwe kama miwa, maji yake yachachuliwe. Kisha yachemshwe, na mvuke upite kwenye bomba la shaba lililozama ndani ya maji baridi, utoke upande wa pili ukiwa spiriti ya kupikia. Walitafuta mtu asiyekunywa wa kusimamia uchachuaji, maana wa kwanza waliyemweka alikuwa anaonja sana. Ndivyo Baba alivyopanda cheo.

Tatizo likawa hamira. Hamira ya dukani ikitiwa kwenye maji ya mkonge ilizira. Maji yale ni matamu, lakini yana uchungu na ukali wa kuwasha, na hamira iliyozoea unga wa ngano ililegea ikafa kabla povu halijapanda. Baba akafikiri kivyake. Alisafiri hadi Mkwaja, kwa rafiki yake aliyefahamiana na mgema mmoja, akarudi na chupa ya tembo la mnazi. Mama alipoiona chupa ile mkononi mwa mwanakwaya, alikaa chini. Baba hakuonja hata tone. Alichukua mashapo ya chini ya tembo, akayalisha sukari guru, akayaongezea maji ya mkonge kidogo kidogo, leo kijiko, baadaye upawa, toka mvua za vuli mpaka masika yanakwisha, hadi yakauzoea ukali ule na kuuona chakula. Hicho ndicho kilichokuwa ndani ya ndoo. Hapakuwa na kingine kama hicho shambani wala mjini.

Kikaja kipupwe. Hamira ya mnazi haipendi baridi, na boila la kiwandani lilizimwa kila jioni, kwa hiyo Baba akaamua iwe inalala nyumbani. Siku ya kwanza nilisikia kengele ya baiskeli, nikakimbia nje kama kawaida yangu, nikakuta ndoo imekaa kwenye keria yangu, juu ya kimto changu, imefungwa kwa mpira wa tyubu isije ikaanguka. Mimi sikuwahi kufungwa nisianguke.

Aliingia nayo ndani ameikumbatia. Akafungua mfuniko, akatumbukiza kiwiko kupima joto. Akainamisha uso juu ya povu, akanusa huku amefumba macho. Akaanza kuilisha sukari guru kwa kijiko, taratibu, akingojea imeze ndipo aongeze, na ilikuwa ileile sukari guru ambayo mimi nikiigusa naambiwa meno yataoza. Asubuhi aliisalimu kwa Kishambaa, "Onga makeo," salamu ya kwao milimani ambayo mimi sikuwahi kupewa. Mimi nilisalimiwa kwa Kiswahili kama mpita njia. Na ili isipate baridi aliifunika kanga. Kanga yenyewe, nyekundu yenye maua ya korosho, iliyolainika kwa kufuliwa, ilikuwa yangu. Nilikuwa nikijifunika kanga ile tangu sijui lini. Nililia mpaka nikapata kwikwi.

"Wewe una blanketi, mwanangu," Baba alisema. "Mwenzako hana kitu."

Mwenzako!

Watu wa Mabawa hawakosi la kusema. Mama alipoulizwa na majirani ni nani yule anayeletwa kila jioni amefunikwa gubigubi, alijibu, "Huyo ni mke mwenzangu. Mtu mzuri, hadai nguo, anavaa za mtoto wangu." Wakacheka wakashikana mabega. Mama alikuwa na moyo wa kucheka, mimi sikuwa nao. Jumapili ndoo ilipakiwa kwenda kanisani kwa sababu Baba hakutaka kuiacha nyumba tupu, nami nikatembea nyuma na Mama, viatu vinanibana, nikiangalia mgongo wa baiskeli unavyozidi kwenda. Kanisani Baba alikaa dirishani ili aione. Mchungaji akamuuliza lini anamleta abatizwe. Kanisa zima lilicheka. Mimi niliomba sala ambayo siwezi kuirudia hapa.

Na mikono ya shati ilikuwa safi. Nadhani hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Kwenye mapipa hakuna nyuzi zinazonasa, kwa hiyo jioni nilisogeza kigoda changu karibu yake, nikashika mkono wa shati, nikatafuta, nikakosa. Baba alinipapasa kichwa, akainuka kwenda kuitazama ndoo.

Msidhani kwamba nilikaa mbali nayo. Ukimwonea mtu wivu huachi kumtazama. Kila jioni nilichuchumaa mbele ya ndoo nikaipeleleza kama askari. Nilijua ikishiba inanuka ndizi. Nilijua ikiona njaa inanyamaza na kutoa harufu ya rangi ya kucha. Ikipata baridi povu lake lilikimbilia upande mmoja likaganda. Na chini ya harufu zote hizo kulikuwa na uchungu mdogo wa mkonge, ambao ukishaujua huwezi kuukosa, kama unavyojua sauti ya mtu usiyempenda hata akiwa chumba cha pili.

Jumapili moja mchana Baba na Mama walikwenda msibani. Hata Baba alijua kwamba msibani mtu haendi na ndoo, akaniachia. Hawajafika mbali nikasikia hodi. Alikuwa Bi Mwanaidi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mdigo, mjane, ambaye vitumbua vyake ndivyo vilivyouamsha mtaa kila asubuhi. Alikuwa ameshika kikombe.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, mwanangu. Mamako yupo? Hayupo? Maskini mie! Hamira imeniishia, Mpemba kafunga duka lake, na mchele nshausaga. Hebu nitazamie jikoni, hata ya kubandika kidoleni."

Mtaani kwetu hamira haikunyimwa. Chumvi unaweza kusema imekwisha, lakini ukimnyima jirani hamira, unga wako hauumuki tena. Ndivyo wanawake walivyoamini, na Mama, pamoja na Ulutheri wake wote, hakuthubutu kujaribu. Jikoni hapakuwa na kitu. Nikatazama ndoo, imejifunika kanga yangu, inasengenya. Nikamwambia Bi Mwanaidi kwamba ipo ya Baba, ya maji. Akanusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hino ina nguvu, mwanangu." Nilimjazia kikombe hadi kikafurika, kwa ukarimu ambao Mchungaji angeutolea mahubiri. Moyoni nilisikitika kwamba hakuja na sufuria.

Baba aliporudi aliongeza maji ya mkonge kama kawaida, povu likapanda tena, ikawa kana kwamba hakuna kilichopungua. Siku zilizofuata nilisikia watu wakisema vitumbua vya Bi Mwanaidi vimepata jina, vimevimba, vina ladha ya zamani. Sisi nyumbani tulikunywa uji, kwa hiyo sikuvionja.

Huko kazini mambo yalikuwa yanakaza. Meneja alisema wageni wanakuja kuona spiriti ikiwaka chini ya chungu, na kama hawataona moto, mapipa yatauzwa chuma chakavu na kila mtu atarudi alikotoka. Baba alikotoka ni korona, ambayo ilishamla sikio moja kwa kelele zake. Kwa hiyo aliilinda ndoo mara mbili zaidi, na mimi nikabaki na nusu ya kile kidogo nilichokuwa nacho.

Halafu ikafa. Aliyeiua aliipenda. Mzee Kombo wa boila alikuwa akiiita mjukuu wake, na kila mtu kiwandani alishafundishwa kwamba mjukuu anaogopa baridi. Asubuhi ile upepo ulikuwa mkali. Baba aliitwa kwa meneja, na Mzee Kombo, kwa huruma, akaisogeza ndoo karibu na mdomo wa boila ili ipate joto, akaisogeza tena kidogo, kisha akaenda kutazama maji. Baba anarudi, anatia kiwiko, anakitoa mbio. Mjukuu alikuwa ameshaiva. Mzee Kombo alikaa chini akalia hadharani, na Baba ndiye aliyembembeleza.

Jioni ile kengele ya baiskeli haikulia. Ndoo ilikuwa kwenye keria, mfuniko uko wazi, tupu. Baba aliiweka uani akakaa kwenye kigoda. Nami, niwaambie ukweli, nilifurahi. Furaha ilinipanda mpaka nikaogopa itaonekana, nikaingia ndani nikaichukua kanga yangu nikajifunika uso.

Majirani walikuja kutoa pole. Wengine walitania kidogo mlangoni, wakiona sura ya Baba wakaacha. Bi Mwanaidi alikuja na sahani ya vitumbua chini ya kawa, akasema, akimwita kwa jina langu, "Kula, baba Raheli. Mwenye huzuni hali, lakini kitumbua si chakula, ni kupitisha mdomo tu." Baba alishukuru, hakula. Mimi nilichukua. Nikakiuma, na mara ile ulimi wangu ukagonga ule uchungu mdogo, nyuma ya sukari na iliki. Nikanusa pale nilipouma. Ilikuwa yenyewe. Ndoo ilikuwa hai, iko nyumba ya pili, inakaangwa kila asubuhi.

Nilitafuna polepole. Hakuna mwingine aliyejua.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na Baba alitoa baiskeli bila kuambiwa. Alinipakia kwenye keria. Kimto kilikuwa kinanuka ndizi kwa mbali, sikujali. Nilimshika kiunoni, tukaikata barabara ya Raskazone, upepo wa kusi unatupiga usoni, na nilijiambia kwamba sasa mambo yamerudi mahali pake. Tulikaa kwenye ngazi za mawe panapoogelewa. Nilivua viatu nikaingia maji ya magoti, nikaruka, nikamwita anitazame. Alinitazama. Nikamwita tena. Alitazama tena, akatabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mtoto wa mgeni. Mikono ilikuwa mapajani, kiganja kimoja kinapapasa kiwiko cha mkono wa pili, pale alipokuwa akipimia joto.

Nikatoka majini nikakaa kando yake. Alisema, si kwangu hasa, "Jumatatu nitawaambia wanirudishe korona."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo wanawake wengi wameshaniambia baadaye, kila mmoja kwa namna yake: mpinzani aliyekufa ni mbaya kuliko aliye hai. Ndoo ikiwa hai ilinuka, ilimwagika, ilimsumbua Baba akiwa amechoka. Ningeweza kungoja siku atakayoichoka. Ikiwa imefia mikononi mwake haitakosea tena. Atakaa nayo moyoni maisha yake yote na mimi nitakuwa napakiwa kwenye keria ya mtu ambaye hayupo. Sikuona huruma, msinipe sifa nisiyostahili. Niliona kwamba nashindwa. Nilitaka irudi ili nipate wa kushindana naye.

"Baba," nikasema, "hamira yako iko kwa Bi Mwanaidi."

Alidhani namfariji kitoto. Nikamweleza kuhusu msiba, kikombe, na kitumbua. Sijamaliza, ameshasimama. Nilirudi Mabawa kwenye keria nikiwa nimeshika viatu mkononi, na sijawahi kuendeshwa kwa kasi ile tena, hata kwenye bodaboda za siku hizi.

Bi Mwanaidi alikuwa uani kwake mbele ya kikaango. Siku zote aliacha unga kidogo chini ya bakuli ili uchachue wa kesho, lakini Jumamosi ile alikuwa na vitumbua vya arusi, amepania kumaliza. Tuliingia akiwa ameinua upawa wa mwisho.

"Bi Mwanaidi, usimimine!" Baba alipiga kelele, baiskeli ikaanguka nyuma yake.

Yule mama alidhani nguo yake imeshika moto, akaruka, upawa juu. Baba akapiga magoti kwenye majivu akamweleza, na kwa kuwa ni mtu mkweli kupita kiasi, akaanza na lile lililomtia aibu: kwamba hamira ile asili yake ni tembo, na yeye Muislamu safi amekuwa akiitumia bila kujua, na anaomba radhi.

Bi Mwanaidi aliguna. "Ati bila kujua," akasema. "Mie nna pua. Bibi yangu alichachua kwa tembo, mamangu kwa tembo, na wote hawakukosa sala. Likishapita motoni tembo li wapi? Inuka, baba Raheli, unajipaka majivu." Kisha akaurudisha upawa ndani ya bakuli, akakwangua kuta za bakuli kwa kidole, akakwangua na mwiko, akatia yote kwenye kikombe kilekile. "Hamira hainyimwi. Na kama ni shukrani, mpe mwanao. Yeye ndiye alonipa, tena mkono wazi, mpaka nkashangaa."

Baba aligeuka akanitazama. Safari hii alinitazama kweli. Nilingoja aniulize kwa nini nilitoa. Aliuliza, "Ulijuaje kuwa ndiyo?"

"Inanuka."

"Inanukaje?"

Nikamwambia. Nilimwambia ndizi, na rangi ya kucha, na povu linalokimbilia upande mmoja, na ule uchungu wa chini. Miezi yote ya chuki ilitoka kinywani mwangu, na Baba alichuchumaa mbele yangu akisikiliza kama nilivyokuwa nikimsikiliza yeye enzi za nyuzi. Bi Mwanaidi alisahau kikaango, kitumbua kimoja kikaungua.

Tuliilea upya pamoja. Asubuhi aliniita kabla ya shule niinuse nimwambie ina njaa au imeshiba, na mara nyingi niligundua kabla yake. Kanga niliileta mwenyewe. Sikuileta kwa furaha, lakini niliileta. Kwenye keria tulifikia mapatano: mimi nilikaa kwenye kimto, nayo ndoo nikaipakata mapajani, mgongo umepinda, hadi kanisani. Mchungaji akasema sasa amemwona mama wa ubatizo.

Wageni walipokuja, spiriti ilikuwepo, chupa kwa chupa, nyeupe kama maji ya kisima. Mama na wanawake wengine waliitwa wapike. Moto ulikuwa wa bluu, na juani haukuonekana, kwa hiyo wageni walidhani jiko limegoma mpaka maharage yalipoanza kucheka kwenye sufuria. Mama akaipua, akapitisha kidole chini ya sufuria, akakiinua kidole juu watu waone. Kilikuwa safi, hakina masizi. Watu walipiga makofi. Baba alinitafuta kwa macho katikati ya watu mpaka akanipata, na machozi yalikuwa yanamlenga, nami hata wakati ule nilijiuliza ni yangu au ya ndoo.

Kibanda kile kilifanya kazi miaka kadhaa, kisha ikaja spiriti ya molasi kutoka mbali, ya bei ya chini, na mapipa yakauzwa. Baba hakurudi korona tena; alistaafu na sikio lake moja. Tumeshamzika, kwao Lushoto, kwenye baridi ambayo ndoo yake isingeivumilia. Ndoo ipo. Mama anawekea unga wa mahindi.

Siku ile ya jiko la ofisini, nilipotoka kazini nilichukua bajaji nikaenda moja kwa moja Mabawa. Nilimsimulia Mama kuhusu harufu, naye akacheka hadi akakohoa. Akaingia ndani, akatoa sandukuni ile kanga nyekundu, imechakaa mpaka unaona mkono upande wa pili.

"Ulivyoililia hii!" akasema. "Unajua mara ya kwanza ilimfunika nani?"

"Mimi. Ilikuwa yangu."

"Wewe ulipokuwa katika hali gani?"

Sikujua anachouliza. Basi akaniambia, kwa sauti ya kawaida, huku anachambua mchele. Nilizaliwa njiti, kabla ya siku zangu, katikati ya kipupwe, mdogo kiasi cha kulala kwenye kiganja na nusu ya mkono. Hospitali hawakuwa na cha kuniwekea joto, na Mama mwenyewe alikuwa mgonjwa, hawezi kuinuka. Baba alinifunga kifuani kwa kanga ile, ngozi kwa ngozi, akakaa kitako siku baada ya siku, hakwenda kazini. Alinipima joto kwa kiwiko. Alinilisha maziwa kwa kijiko, taratibu, akingojea nimeze ndipo aongeze. Alikuwa akininusa utosini amefumba macho ili ajue kama bado nipo. Kila kulipokucha alinisalimu kwa Kishambaa, kwa kuwa alisema kama naondoka, niondoke nimeshasikia lugha ya kwetu.

"Ulipopona, akaacha," Mama akasema. "Alisema sasa ni mtu mzima mwenzetu, asalimiwe kama watu. Basi alipoleta ile ndoo, mimi nilikuwa nacheka kwa sababu nilishamwona akifanya yote yale. Nilidhani unajua."

Sikujua. Nilidhani naibiwa, kumbe vyote vilivyokuwa vya ndoo vilikuwa vyangu kwanza, na Baba hakuwa na namna nyingine ya kukiweka hai kitu kidogo isipokuwa ile aliyojifunza kwangu. Ningepaswa kufarijika, na nyie wenye mioyo mizuri mnadhani nilifarijika. Nilikaa na kanga mapajani, nikaisogeza puani, haikuwa na harufu ya kitu chochote, nikamwonea wivu yule mtoto wa kipupwe, aliyelala kwenye kifua cha Baba siku zote zile na asikumbuke hata pumzi moja.